Somo la Pumzi Nililolikimbia

Siku mliponiaga pale ukumbini mlinipa kipaza sauti mkaniomba niseme neno kuhusu miaka yangu ya kazi. Nikasema asanteni, kuleni, pilau linapoa. Mkacheka mkidhani natania. Sikuwa natania. Nililokuwa nalo moyoni halisemeki mbele ya watu walioshika sahani. Sasa nipo nyumbani Ipililo, nina muda na kalamu, na hakuna anayenigongea mlango nikashike zamu. Nawaandikia nyinyi manesi mliobaki wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto. Habari za vyeo na mshahara nazipita. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara ule haujazi hata mstari.

Nilifika Bariadi na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kazi. Treni ilinishusha Malampaka mchana, jua la kupasua kichwa, nikapata lifti ya lori lililokuwa linafuata pamba. Dereva alinikalisha mbele kwa heshima ya sare yangu, halafu njia nzima akanisimulia maradhi yake ya tumbo. Nilishuka nimempa ushauri wa bure na vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Wakati huo hatukuwa na mkoa wetu, tulikuwa chini ya Shinyanga, na mtu akitaka kujua Bariadi iko wapi unamwelekeza kwa kidole tu, upande wa mashariki.

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda sita. Vifaa vyangu vilikuwa kipimo cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, mkasi, beseni mbili na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, ambalo lilikuwa na hasira kuliko matroni. Matroni mwenyewe alinishika bega siku ya kwanza akaniambia, "Milembe, hapa kazi ni sauti." Maana yake ilikuwa kwamba mama akifikia kusukuma nisimame karibu na sikio lake nipige kelele: funga mdomo, bana pumzi, sukuma! Nikawa hodari wa hilo. Wapita njia waliijua sauti yangu kabla hawajaijua sura yangu. Hakuna aliyewahi kuuliza pumzi ile iliyobanwa ilikuwa inakwenda kusukuma nini kingine huko chini zaidi ya mtoto.

Miaka ikapita hivyo, halafu likaja soko huria. Nyinyi mmelisoma shuleni, sisi tuliliona likishuka kwenye malori. Pamba iliyokuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake ikapata wanunuzi wa kila aina, kila mmoja na mzani wake, na wanawake wakawa wanabeba mafurushi mpaka vijiji vya mbali kumfuata aliyesifiwa wiki hiyo. Nguo za mitumba zikajaa minadani. Na ndoo za plastiki za lita ishirini zikaingia kila duka. Zamani mwanamke alikuwa na mtungi wa udongo wa kadiri ya nguvu zake, tena aliuogopa usipasuke, kwa hiyo aliunyanyua polepole. Ndoo ya plastiki haipasuki. Nani angeiogopa?

Ndipo wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakisubiri wenzao watoke kwanza. Hakuna aliyesema mkojo unanitoka. Walisema, "Nesi, nasikia uzito chini." Au, "Nikikohoa nalowa." Au mtu anakaa tu, anaangalia sakafu, anazungusha pete. Ukimlaza unakuta misuli ya chini imechoka, kibofu kimelegea, na kwa wengine kizazi chenyewe kimeanza kushuka. Tulikuwa hatuna la kuwapa zaidi ya pole na kuwaambia wasibebe vizito. Kumwambia mwanamke wa huku asibebe vizito ni sawa na kumwambia asile.

Kwa hiyo niliposikia kuna semina ya wiki moja Mwanza kuhusu jambo hilohilo, niliiomba kwa nguvu zote. Mwalimu alikuwa Bwana Elikana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa ya huko, Msukuma wa Kalemela, mfupi, mnene, mwenye mikono laini na maneno makavu. Alitufundisha misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini kabisa ya mwili ikabeba kibofu, kizazi na utumbo. Alitufundisha kumwambia mama akaze kama anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu, aachie, arudie. Niliandika kila neno, nikachora na picha.

Siku ya mwisho asubuhi tulimaliza hilo la kukaza. Mchana ulibaki kwa somo moja, kwenye ratiba limeandikwa "Pumzi". Nikajiambia, pumzi nani hajui? Nimevuta pumzi tangu nizaliwe na sijawahi kukosea. Sokoni walikuwa wamefungua mzigo mpya wa viatu vya mitumba, na gari la kurudi lilikuwa linaondoka saa tisa. Nilitoka kama naenda msalani, sikurudi. Nilipata viatu vyeupe vya ngozi, vya kazini, safi kabisa. Nikarudi Bariadi nina furaha, miguu inang'aa, na nusu ya somo kichwani.

Nilianza kufundisha wiki ileile. Kliniki ya mama na mtoto inajaa, mnajua, na kina mama wanakaa kwenye benchi bega kwa bega. Nikawaambia wakaze hapohapo walipo, wahesabu mpaka kumi, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la aibu, wahesabu moyoni, kimya, mtu asijue. Walikuwa wasikivu mno. Benchi zima linatulia, midomo imefungwa, macho yamekodolewa ukutani, mashavu yamejaa. Mimi nikapita mbele yao kama mwalimu wa kwaya, nimeridhika. Tena nikaongeza la kwangu, ambalo Bwana Elikana hakulisema kabisa: waliojifungua wafunge tumbo kwa kitenge, wakaze barabara, ili viungo vishikiliwe. Bibi zetu walifunga, kwa nini sisi tusifunge?

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa Minza. Alitoka kijiji tulichokuwa tunakwenda kwa kliniki ya mkoba kila mwezi. Miaka ishirini na kitu, mrefu, mcheshi, na mabinti wawili. Mtoto wa tatu, wa kiume, alimzika akiwa na wiki mbili, na tangu uzazi ule ndipo mambo ya chini yakaharibika. Alinisimulia bila kulia, anafungafunga ncha ya khanga kidoleni.

Mwanzoni mwa mvua alikuja daktari bingwa wa akina mama, aliyekuwa anatutembelea mara mbili kwa mwaka na kufanya upasuaji siku tatu mfululizo. Nikampeleka Minza. Daktari alimpima, akanawa mikono, akasema kizazi kimeshuka karibu kufika mlangoni. "Sina nafasi safari hii," akasema. "Nitarudi baada ya mavuno. Nikikuta hivi au zaidi, tutakitoa. Utapata nafuu, mama."

Alisema kwa upole, na kwa elimu yake alikuwa sahihi. Lakini tulipotoka nje Minza alinishika mkono wa sare.

"Nesi, wakikitoa nitazaa na nini?"

Nikamvuta kivulini.

"Mume wangu hana neno baya," akasema. "Mama mkwe wangu hana neno baya. Ila mimi mwenyewe nataka mtoto mwingine. Nataka, basi. Yule niliyemzika sijashiba kumwona. Kuna njia?"

Nikamwambia njia ipo, ni mazoezi, na ana miezi sita. Nilisema kwa uhakika wote wa mtu mwenye viatu vipya. Naye akaamini. Alikaza asubuhi, akakaza mchana, akakaza jioni. Alifunga kitenge mpaka mbavu zikaacha alama. Mwezi wa kwanza nilimuuliza, akasema bado. Mwezi wa pili akasema, "Nafikiri imezidi." Nikamjibu kwamba labda hakazi ipasavyo. Nayaandika maneno hayo nikiwa naona aibu, lakini ndivyo nilivyomjibu.

Mwezi wa tatu ulikuwa wa palizi. Tulipofika kijijini na sanduku la chanjo hatukukuta mtu pale tunapopimia. Mama mkwe wake Minza, Bibi Ng'washi, alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba anachambua kunde.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma kama mama yangu.

"Mwangaluka. Wanawake wote wako kwenye pamba kwa jirani, leo ni zamu yake kulimiwa. Kawafuate, la sivyo utawachanja kuku."

Nikafuata sauti. Mnajua wanavyolima huku kwa zamu, mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Aliyekuwa anaimbisha ni Minza. Nilisimama pembeni ya shamba nimepigwa na butwaa. Huyu mgonjwa wangu, ambaye akinyanyua sufuria analowa, amelima tangu alfajiri, jembe linazama, sauti imepaa, na khanga yake kavu kabisa.

Walipopumzika nikamvuta kando. "Minza, leo haikutoki?"

"Nikilima kwa kuimba haitoki," akasema, kama anaeleza jambo la kawaida. "Tukinyamaza, inatoka. Nilitaka kukwambia nikaona utasema ni ujinga."

Na kweli ningesema. Hata pale ulimi uliniwasha. Lakini akainama kuchukua ndoo ya maji ya kunywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwangalia usoni badala ya kumwangalia mgongo. Alifunga mdomo. Mashavu yakajaa. Shingo ikasimama mishipa. Akabana pumzi, akanyanyua, na ndoo ilipofika kichwani akasimama ghafla, akabana mapaja, akageuza uso. Khanga ilikuwa imelowa. Mashavu yale nilikuwa nimeyaona mahali. Nilikuwa nimeyaona kwenye benchi la kliniki, kila Jumatano, safu nzima.

Neno moja tu lilikuwa linazunguka kichwani, lile la kwenye ratiba.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda Mwanza. Bwana Elikana alikuwa anamfunga mtoto vyuma vya mguu. Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye uliyekwenda msalani," akasema. "Nikadhani tumbo limekuua."

Nikamweleza yote, isipokuwa viatu. Alimaliza kufunga, akamruhusu mtoto, akaniambia nikae.

"Umewahi kuona watu wanavyoshindilia pamba kwenye gunia?"

"Nani hajaona?"

"Mtu anaingia juu, anakanyaga. Sasa chukua gunia, ubavuni lizungushie kamba ukaze, mdomo uufunge, na yule aliye ndani aendelee kukanyaga. Pamba itakwenda wapi?"

"Itapasua mshono wa chini."

"Haya. Anayekanyaga ni kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, unaovutia pumzi. Kamba ya ubavuni ni kitenge chako. Mdomo uliofungwa ni pumzi uliyowaambia wabane. Na mshono wa chini ni sakafu ya nyonga."

Akanilaza kwenye kitanda cha mazoezi, akaniwekea mkono wangu mmoja mbavuni na mwingine tumboni. Akaniambia nivute pumzi kwa pua bila kuinua mabega. Mara ya kwanza mabega yakapanda. Mara ya pili pia. Mimi, niliyesema sijawahi kukosea, nilikosea mara saba. Ya nane mbavu zikafunguka kwa upana, tumbo likapanda lenyewe, na huko chini nikasikia kitu kikilegea taratibu kama kinapokea. Nilipotoa pumzi kwa mdomo, kile cha chini kikapanda chenyewe.

"Umesikia?" akauliza. "Kiwambo kikishuka, sakafu nayo inashuka. Kikipanda, inapanda nacho. Wanatembea pamoja maisha yote. Kwa hiyo ukaze wakati gani?"

"Pumzi ikitoka."

"Na ndoo inyanyuliwe wakati gani?"

"Pumzi ikitoka."

"Na huyo mama anayeimba?"

"Anayeimba anatoa pumzi," nikasema, na machozi yakanijaa nikiwa nimelala chali kama mgonjwa. "Alikuwa anajitibu mwenyewe shambani. Mimi nikimharibu kliniki."

Bwana Elikana hakunibembeleza. Alinipa kipande cha shashi nijifute, akasema, "Basi nenda ukamwambie." Halafu akaita mgonjwa mwingine.

Nenda ukamwambie. Hapo ndipo nilipoonyesha woga wangu. Nilirudi kijijini nikamwambia Minza, "Sasa tunaongeza kitu." Tunaongeza! Sikusema kwamba cha mwanzo kilikuwa kibaya. Siku zile nesi hakuwa anamwomba mwanakijiji radhi, tulidhani wakituona tumekosea mara moja hawataleta tena watoto kuchanjwa. Ndivyo tulivyojidanganya.

Nilimlaza kwenye mkeka ndani kwake, nikamwekea bakuli la bati juu ya kitovu. "Vuta kwa pua, bakuli lipande, chini palegee. Toa kwa mdomo, bakuli lishuke, chini pakaze taratibu." Bibi Ng'washi alisimama mlangoni ameshika kiuno. Nilipofungua kile kitenge cha tumbo akang'aka.

"Mwezi uliopita ulisema kifungwe. Leo kinafunguliwa. Tumbo la mkwe wangu litaning'inia kama la ng'ombe mzee."

"Mayu, kinabana juu kinasukuma chini."

"Sasa wewe tukushike neno lipi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Nikajifanya natafuta kalamu.

Lakini Bibi huyohuyo ndiye aliyenisaidia kuliko mtu yeyote. Nilihangaika kumweleza Minza jinsi ya kutoa pumzi wakati wa kunyanyua, anachanganya, anavuta badala ya kutoa. Bibi akasikiliza, akasema, "Si unamaanisha kama anapuliza moto?" Akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza kaa, fuuu, pumzi ndefu, na huku anapuliza akanyanyua chungu. "Hivi?" Nikasema hivyohivyo, mayu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo amri ya nyumba: puliza moto, nyanyua. Maji ya ndoo wakayagawana, Minza nusu, Bibi nusu. Na asubuhi mama mkwe anamwekea mwenyewe bakuli tumboni anamsimamia, mkali kuliko mimi.

Hospitalini nami nikashusha sauti. Mama akifika kusukuma nikawa namwambia apumue, asikilize mwili, atoe pumzi akisukuma. Wenzangu wakanitania kwamba nimezeeka au nimeokoka. Matroni akaniuliza kama naumwa koo.

Mwezi wa kwanza Minza hakuona tofauti. Wa pili akasema akikohoa halowi, akipiga chafya analowa. Wa tatu akasema uzito wa jioni umepungua, anafika jioni akiwa mtu. Sikuthubutu kufurahi. Kila usiku ulipoingia nilihesabu siku zilizobaki za daktari, na kila nilipozihesabu nilikumbuka ile miezi miwili na zaidi niliyompotezea.

Pamba ikavunwa, malori yakajaa mjini, na daktari akaja. Minza alikuja na Bibi Ng'washi. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya upasuaji, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika mwanzoni mwa mvua. Bibi akabaki nje kwenye benchi. Ndani tulikuwa watatu.

Daktari akavaa glavu. "Haya mama, bana pumzi, sukuma kwa nguvu kama unajifungua."

Minza akamwangalia. "Hapana, daktari."

"Hapana nini?"

"Kubana pumzi nimekatazwa."

"Na nani?"

Minza akaninyooshea kidevu. Daktari akageuka. Nikaiweka mezani taa niliyokuwa nimeshika. Nikamweleza kwa kifupi, kiwambo na sakafu, pumzi na mzigo. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida ya madaktari. Akasema, "Sawa. Akohoe kwanza."

Akakohoa. Pakavu.

"Tena. Kwa nguvu."

Pakavu.

"Sasa mama, nisukumie mara moja tu, nione kinashuka mpaka wapi. Mara moja haitakuharibu."

Minza aliniangalia mimi, si daktari. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasukuma. Daktari akainama, akakaa hivyo muda ambao mimi niliuona kama kutwa, kisha akavua glavu.

"Hakijarudi chote," akasema. "Lakini kimepanda, na misuli inashika. Simkati mtu kwa hiki. Endelea na hayo mnayofanya. Na ukipata mimba uje mapema, nesi akuangalie." Akachukua kalamu akakata jina la nne.

Minza alivaa polepole. Nje alimwinamia Bibi Ng'washi akamnong'oneza, na yule mzee, mwanamke mkavu yule, akafunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Watu wote wa foleni wakageuka. "Wabeja, nesi," akanishukuru akinishika mikono yote miwili. "Wabeja sana." Kisha akaenda kutafuta maji ya kunawa uso.

Tukabaki mimi na Minza kwenye benchi. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nesi, nikuulize. Yale ya mwanzo. Kuhesabu kimya, kufunga kitenge. Yalikuwa makosa, siyo?"

Ningeweza kukwepa tena. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini nikaona nimechoka nalo.

"Yalikuwa makosa."

"Ulijua?"

"Sikujua. Ila ningejua, kama ningekaa darasani." Nikamweleza Mwanza, ratiba, soko, na viatu. Sikupunguza kitu. "Nilikukosea, Minza. Na uliponiambia imezidi nikakulaumu wewe. Nisamehe."

Aliitazama miguu yangu, akauliza, "Viatu vilidumu?"

"Miezi mitatu. Soli ikaachia."

Akatoa pumzi ndefu, na sijui mpaka leo kama ilikuwa ya kicheko au ya hasira. Halafu akasema lile lililonifanya niandike haya yote.

"Mimi nimepona kwa sababu ulinifuata shambani. Wengine uliowafundisha yale ya mwanzo ni wangapi?"

Nikamwambia nitakwenda kuwahesabu.

Siku ile jioni nilifungua rejista ya kliniki, nikachukua zile Jumatano zote za kabla ya kurudi Mwanza, nikanakili majina kwenye daftari la shule. Yalijaza kurasa nane. Miaka iliyofuata, kila nilipopata siku ya mapumziko, nilipanda baiskeli. Minza alizaa msichana akamnyonyesha akiwa anaimbisha kwenye palizi, na alipopata nafasi alinifuata vijijini yeye na bakuli lake, maana kina mama walimwelewa haraka kuliko mimi. Kila tuliyempata nilimwambia kwanza kwamba nilimkosea, ndipo tukatandika mkeka, na jina lake nikalitia alama. Wengine walinisamehe papo hapo. Mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Wawili nilikuta wameshatolewa kizazi.

Nimestaafu yakiwa yamebaki majina kumi na saba ambayo hayana alama. Wengine walihamia na mifugo upande wa mbali, wengine niliambiwa waliolewa kwingine, wengine hakuna aliyewajua. Daftari nimeliacha kliniki, kwenye droo ya juu. Basi mkiwa kijijini, mkamwona mwanamke mtu mzima anainama kwenye ndoo, anafunga mdomo, mashavu yanajaa, msimpite. Mwulizeni kama zamani alifundishwa kuhesabu kimya na nesi mmoja wa Bariadi mwenye sauti kubwa. Akisema ndiyo, mwambieni nilimtafuta. Halafu kaeni naye chini, mmfundishe kutoa pumzi.